Marehemu Ana Mwanafunzi

Mtaani kwetu akipita, watu humwamkia, "Marehemu, habari za asubuhi?" naye hujibu, "Nzuri tu, bado tunapumua." Hakuna anayeona ajabu isipokuwa mgeni. Mgeni hugeuka akatazama mara mbili, ndipo mmoja wetu humweleza kwamba jirani yetu huyu, mrefu, mwembamba, mwenye masharubu yaliyochongwa na shati lililopigwa pasi hata siku ya mapumziko, amekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote tunayemfahamu. Amepigwa risasi akiruka ukuta. Ameanguka kutoka kwenye treni. Amekunywa sumu aliyoitayarisha mwenyewe kwa ajili ya tajiri fulani. Lakini kifo chake hasa, kile kilichompa jina, ni kitanzi. Kwenye filamu zetu, mtu akihukumiwa kunyongwa, uwezekano mkubwa ni yeye.

Kazi ya filamu aliipata kama mtu anayeokota kofia barabarani. Yeye ni mwalimu wa udereva. Ana gari dogo jeupe lenye kibao juu ya paa na breki ya pili upande wa mwalimu, na kitaulo kilichotundikwa kwenye droo ya mbele kwa wanafunzi wanaotoka jasho viganjani. Siku moja alikuwa akimfundisha kijana mmoja kurudi nyuma, wakakuta barabara imefungwa na watu wenye kamera. Mwigizaji wao wa ujambazi hakuwa ametokea. Mwongozaji akachungulia dirishani.

"Wewe ni wa ng'ambo ya mto?"

"Babu yangu ndiye aliyevuka," akajibu. "Mimi nimezaliwa hospitali ile pale, yenye mabati mekundu."

"Inatosha," mwongozaji akasema. "Shuka."

Hapo inabidi nieleze kidogo. Watu wa ng'ambo ya mto walikuja huku zamani sana, kabla daraja halijajengwa, wakafanya kazi kwenye machimbo ya mawe. Wajukuu zao wamezaliwa hapa, wamesoma hapa, na wengi wao hata ukiwapa ramani hawawezi kukuonyesha kijiji cha babu zao. Hata hivyo bado wanaitwa Wavukaji, na neno hilo halitamkwi kwa kusifu. Kuku akipotea, nyumba ya Mvukaji ndiyo inayopigiwa hodi kwanza. Sheria ya kunyonga bado ipo, na wanaosubiri kitanzi gerezani, ukiwauliza asili yao, wengi watakuonyesha upande uleule wa mto. Wenye filamu hawakujisumbua kuuliza kwa nini. Waliona ndivyo mambo yalivyo, wakatafuta sura inayofaa.

Sura walikuwa wameipata. Sauti ndiyo iliyowapa shida, kwa sababu Marehemu anaongea kama mimi na wewe. Ikabidi aletewe mtu wa kumfundisha lafudhi ya Kivukaji, ya kuburuta maneno kama mtu anayevuta gunia la saruji. Mwalimu wa lafudhi mwenyewe hakuwa Mvukaji. Alikuwa amejifunza kutoka kwenye filamu nyingine.

Marehemu alicheka jambo hilo miaka mingi. Ni mtu wa kucheka, na hajawahi kulichukulia zito. Alisema kazi ni kazi, na kwamba mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwalimu wakati mwanafunzi anachanganya breki na mafuta hawezi kuogopa kifo cha kuigiza. Aliyeumia alikuwa mama yake. Bibi huyo ni mkunga mstaafu, mfupi, mkali, na nusu ya mtaa wetu imepita mikononi mwake. Kila filamu ya mwanawe alikwenda kuitazama, akakaa mstari wa mbele, na kila ilipokaribia mwisho aliinuka akasema anakwenda msalani. Hakurudi. Alimsubiri mwanawe nje, kwenye ngazi, mkoba mapajani.

"Nimepokea watoto wangapi mimi," alimwambia siku moja, "na wangu mmoja kila mwaka wananiulia."

"Ni mchezo, mama."

"Najua ni mchezo. Si mjinga. Nakuomba tu, filamu moja, umalize ukiwa hai. Hata kama umelala."

Basi, mambo yaliendelea hivyo hadi Jumatatu moja aliyoingia kwenye duka la vifaa vya umeme kununua balbu.

Duka lile lilikuwa limeibiwa wiki iliyotangulia. Redio na feni zilikuwa zimekwenda na maji, na binti wa kaunta alikuwa amemwona mwizi kwa mgongo tu, akitokomea. Marehemu akaweka balbu yake kaunta. Binti akamtazama. Akamtazama tena. Sura hii anaijua, ameiona mahali, na alipoiona ilikuwa inafanya jambo baya. Akabonyeza kitufe cha chini ya kaunta, mlango ukajifunga, na baada ya muda mfupi Marehemu akawa amekaa kituoni mbele ya sajenti mwenye sauti ya upole, balbu ingali mkononi.

"Umefanya nini?" sajenti akauliza.

"Nimenunua balbu, afande."

"Dada huyu anasema anakufahamu."

"Watu wengi wananifahamu."

"Kwa wizi?"

"Kwa wizi, kwa mauaji, na mara moja kwa kuchoma ghala la pamba. Lakini afande, hizo ni..."

Sajenti akainua kalamu. "Polepole, ndugu yangu. Anza na ghala."

Ilimchukua muda kumwelewesha. Akamtajia filamu moja, akamtajia nyingine. Sajenti akamwita mwenzake kutoka chumba cha pili, naye alipofika mlangoni tu akashika kichwa.

"Huyu? Huyu nilimwona akinyongwa kwa macho yangu."

"Kwenye sinema," Marehemu akasema.

"Ndiyo, kwenye sinema. Mke wangu alifurahi sana."

Sasa ungedhani mambo yameisha hapo, kila mtu acheke, aende zake. Sajenti alicheka kweli. Kisha akafuta macho, akasema hawezi kumwachia hivihivi. Marehemu akauliza kosa lake ni lipi.

"Kosa huna," sajenti akasema, na alisema kwa huruma, kama daktari anayetoa majibu. "Lakini sura yako ina rekodi. Nikikuachia, na kesho duka lingine likaibiwa, wataniuliza mimi." Akamtazama usoni. "Wewe ni wa ng'ambo ya mto, si ndiyo?"

"Nimezaliwa hospitali ya mabati mekundu."

"Ee. Kaa pale kwenye benchi."

Akakaa kwenye benchi hadi alasiri, akiwaza mwanafunzi wake anayemsubiri. Alitoka kwa sababu mwizi alikamatwa sokoni akiuza zile feni: alikuwa shemeji wa mwenye duka, mtu wa familia nzuri, babu yake hajavuka hata mfereji. Binti wa kaunta aliomba radhi. "Samahani sana, kaka," alisema. "Unajua mnavyofanana." Marehemu akamwambia hakuna neno, akaenda kufunga balbu yake. Ilikuwa imekatika waya ndani.

Kesho yake alikuwa na miadi na mwongozaji mmoja, mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa na tabia ya kutembea peku ofisini kwake. Alikuwa ametengeneza filamu fupi chache za kejeli, zile ambazo watu hucheka ukumbini kisha njiani wakanyamaza. Alitaka kumpa nafasi ndogo kwenye tangazo. Marehemu akamsimulia ya kituoni ili kueleza kwa nini jana hakupokea simu. Alisimulia vizuri, kwa sauti zote, ya sajenti na ya binti. Mwongozaji alicheka hadi akaegemea meza. Alipofika kwenye "sura yako ina rekodi" akaacha kucheka, akavua miwani.

"Rudia hilo neno."

Akalirudia.

"Tangazo tuliache," mwongozaji akasema. "Nipe mwezi mmoja."

Aliporudi alikuwa ameandika filamu nzima, na jina lake lilikuwa *Sura Yenye Rekodi*. Ilimhusu mwigizaji Mvukaji anayeshtakiwa kwa makosa yote aliyowahi kuyaigiza. Mwendesha mashtaka analeta projekta mahakamani. Jaji anatazama ushahidi akila karanga, analia sehemu za huzuni, anaomba irudishwe nyuma. Mshtakiwa anapewa mkalimani ingawa anaongea lugha ileile ya mahakama, na kazi ya mkalimani ni kurudia maneno yake yaleyale, neno kwa neno, kwa lafudhi ya kuburuta, ili jaji aelewe. Wakili anatetea kwamba mteja wake amekwisha kunyongwa mara kadhaa. Mahakama inaamua kwamba kunyongwa kule hakukuwa rasmi, kwa sababu daktari wa serikali hakuwepo. Na daktari wa serikali anapoletwa, anampima mshtakiwa presha, anaikuta juu, anamkataza chumvi.

Marehemu aliisoma akiwa ndani ya gari lake, kivulini, akicheka peke yake. Kisha akafika ukurasa wa mwisho.

"Unakufa?" mama yake akamuuliza jioni hiyo.

"Nakufa, mama."

"Hata kwa huyo dada mwenye akili?"

Mwongozaji alipopata habari alikuja mwenyewe nyumbani, na safari hii alikuwa na viatu, akavivua mlangoni. Akamwamkia mama shikamoo, akapewa kiti na chai. Akaeleza kwa adabu kwamba filamu ya namna hii haiwezi kumalizika vizuri. Watu lazima wacheke njia nzima, wajione wajanja, halafu mwishoni wakute wamecheka hadi chini ya kitanzi.

"Nikimwacha hai, mama," alisema, "watazamaji watarudi nyumbani wakisema, afadhali, yaliisha salama. Na gerezani kule hayajaisha salama."

Mama akakoroga chai yake. "Na mimi nitarudi nyumbani nikisema nini?"

Mwongozaji alikunywa chai yote, akashukuru, akaondoka. Marehemu alimsindikiza hadi kwenye kona, akamwambia ataicheza. Alijua mama yake ana haki na mwongozaji ana haki, na kwamba kati ya hao wawili yeye ndiye mwenye shingo.

Walipiga filamu kwenye ghala la kiwanda kilichofungwa, ambamo njiwa walikuwa wamehamia darini. Seremala alijenga jukwaa la kunyongea kwa mbao nyepesi, akalipaka rangi ya mbao kuukuu. Kamba ya kitanzi ilikuwa ya kuzuga. Iliyombeba mtu ilikuwa imefungwa kwenye mikanda ya kifuani, chini ya shati, ikitokea mgongoni. Mlango wa sakafuni ulifunguka kwa kuvuta mtaimbo, juu ya godoro. Haya yote Marehemu aliyajua kama anavyojua gia. Yeye ndiye aliyemwonyesha mnyongaji mahali pa kusimama ili asimkanyage kisigino. Mnyongaji alikuwa mwigizaji mpya, mtu mpole anayeuza miwani siku nyingine, na kila alipokaza mkanda aliuliza, "Imekubana, kaka?"

Siku ya kitanzi ilikuwa siku ya mwanafunzi pia. Wakati huo alikuwa akimfundisha mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mama mnene mwenye heshima zake, aliyeongoza shule ya wavulana miaka na miaka bila kutetereka, lakini akikaribia mzunguko wa barabara kuu alifumba macho. "Hakuna anayesimama," alilalamika. "Wanaingia tu, kama watoto wasio na zamu." Somo lake lilikuwa saa nane, na Marehemu alikuwa ameahidiwa kwamba asubuhi ingetosha kumnyonga.

Haikutosha. Umati ndio uliochelewesha. Watu wa ziada walikuwa wamekusanywa mitaani, wanawake na wanaume, wakapangwa chini ya jukwaa. Kwenye karatasi ya mwongozaji palikuwa pameandikwa tu, "Umati unapiga kelele." Mara ya kwanza walipiga kelele kwa kuona haya, kama watu wanaoshangilia mpira wa shule wasiyoijua. Mwongozaji akasimamisha.

"Hivyo hamna hasira," akawaambia. "Huyu ni Mvukaji, ameiba, ameua, anakaribia kufa. Semeni chochote mnachosemaga."

Kamera ikaanza tena. Na wakasema.

Hawakuhitaji kufikiria. Maneno yalitoka haraka, kama watu waliokuwa kwenye foleni wakisubiri dirisha lifunguliwe. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alitupa tusi kali kuliko yote, na wenzake wakacheka, wakampigia makofi, mtoto naye akacheka. Marehemu alisimama juu pale, mikono imefungwa nyuma. Yote alikuwa ameyasikia. Jingine lilikuwa la shuleni, jingine la foleni ya benki, jingine la baba mkwe wake siku ya posa, kabla hajalegea. Moja lilikuwa jipya kwake, na baadaye alikiri kwamba lilikuwa na ubunifu. Lakini hakuwahi kuyasikia yote kwa pamoja, mchana kweupe, kutoka kwa watu waliokuwa wamekula naye asubuhi mkate uleule wa kampuni. Mikanda ndiyo iliyomshika asianguke.

Afisa wa gereza wa kuigiza akapanda, akakunjua karatasi. "Mfungwa, una neno la mwisho?"

Neno lilikuwepo. Mwongozaji alikuwa amemwandikia hotuba nzuri, ndefu, kuhusu haki na sura ya mtu, naye alikuwa ameikariri kwa wiki mbili akiendesha gari. Akafungua mdomo, akakuta hotuba imekimbia yote. Kichwani hapakuwa na kitu isipokuwa saa ya ukutani ya lile ghala.

"Samahani, afande," alisema, kwa sauti yake ya kawaida ya kila siku. "Naomba tufanye haraka kidogo. Nina mwanafunzi saa nane. Anaogopa mzunguko."

Umati ukacheka. Kicheko kikapanda, kikafika juu kwa njiwa, kisha kikakatika, kila mtu kwa wakati wake, kama taa za nyumba zikizimwa. Halafu kutoka nyuma, sauti ya mwanaume ambayo haikuandikwa popote ikasema, "Basi mwacheni aende."

Hakuna aliyemjibu. Wala yeye mwenyewe hakusogea. Mwongozaji hakusema "kata." Mnyongaji akamtazama mwongozaji, akamtazama Marehemu, akangoja, na alipoona hakuna anayemwambia lolote, akafanya alichoajiriwa kufanya. Akavuta mtaimbo.

Marehemu alianguka kwenye godoro kama kawaida. Mnyongaji akarukia chini kwenye lile tundu, uso umempauka. "Imekubana? Kaka, imekubana?"

"Saa ngapi?" Marehemu akauliza.

Alifika kwa mwanafunzi wake amechelewa, rangi ya alama ya kamba ingali shingoni. Mwalimu mkuu alikuwa ameketi tayari kwenye kiti cha dereva, mkanda umefungwa, mkoba miguuni. Gari lilikuwa limeachwa kwake tangu asubuhi, na alikuwa na funguo za akiba, kwa kuwa hapendi kusubiri jua likimpiga.

"Mwalimu, una nini shingoni?"

"Kazi, mama."

"Na macho?"

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza kwa sababu ya filamu. Mwalimu mkuu akachukua kile kitaulo cha jasho, akampa, akatazama mbele. Aliongoza wavulana miaka mingi, alijua kutotazama. Baadaye akauliza kama leo waende mzunguko au wazunguke uwanja tu. Marehemu akapenga kamasi, akasema waende mzunguko.

Mwongozaji aliikata hotuba, akaliacha lile la mwanafunzi. Akaja kumwomba mwalimu mkuu aonekane kwenye filamu, kwa muda mfupi tu, akiwa peke yake ndani ya gari. Mwalimu mkuu alisoma karatasi yote kwanza, akasahihisha nukta mbili, akakubali. Kwa hiyo filamu haikumalizika jukwaani. Mtaimbo unavutwa, unasikika mlango wa mbao, na papo hapo tunaona gari jeupe kando ya mzunguko wa barabara. Mama mnene amekaa kwenye usukani. Kiti cha mwalimu kitupu. Anatazama saa. Anapangusa viganja. Anatazama kioo cha pembeni, kuona kama kuna mtu anakuja. Magari yanapita, yanapita, na hapo inakatika.

Bodi ya filamu iliitazama wakiwa wamejifungia, na mlinzi wa mlangoni anasema walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika. Kisha wakamwita mwongozaji, wakiwa wamekunja nyuso. Walikuwa wakipendekeza mambo mawili. Kwanza, mwanzoni paandikwe kwamba mahakama zetu hazina projekta. Pili, matusi ya umati yaondolewe.

"Kwa nini?" mwongozaji akauliza.

"Kwa sababu ni ya kutunga," mwenyekiti akasema. "Hapa kwetu hakuna anayesema maneno kama hayo. Umeyatoa wapi?"

Mwongozaji akafungua mkoba, akawawekea mezani karatasi ya siku ile, yenye yale maneno matatu, "Umati unapiga kelele." Wakaisoma, wakapeana. Mmoja wao akaigeuza kuona kama nyuma pana kitu. Mwishowe wakapitisha filamu pamoja na matusi yake, ila la projekta wakalishikilia, na hadi leo filamu inaanza kwa kuwahakikishia watu kwamba mahakama zetu hazina projekta. Ukumbi wote hucheka hapo kabla hadithi haijaanza.

Siku ya kwanza filamu ilipoonyeshwa, mama alikaa mstari wa mbele kama desturi yake. Marehemu alikaa nyuma, karibu na mlango, akimwangalia kisogo. Alimwona akitikisika kwa kicheko kwenye ile sehemu ya chumvi. Alimwona akinyooka umati ulipoanza. Akajiandaa kuinuka ili amfuate kwenye ngazi. Mama hakuinuka. Alikaa hadi gari, hadi saa, hadi viganja, hadi taa zikawaka.

Kulikuwa na kipindi cha maswali. Wa kwanza kusimama alikuwa bwana mmoja aliyevaa skafu, mtu wa kuandika magazetini. Akasifu filamu, akasifu kejeli, akasema ina dosari moja ndogo tu.

"Mhusika mkuu," alisema. "Ameigiza vizuri, lakini ile sauti ya mwisho haikunishawishi. Mvukaji wa kweli haongei vile. Pale lafudhi ilipotea kabisa."

Mwongozaji alishika kipaza sauti. Marehemu alikuwa keshaanza kucheka kule nyuma. Aliyesimama ni mama. Hakupewa kipaza sauti na hakukihitaji.

"Baba," alimwambia yule bwana, "yule nimemzaa mimi, kwenye hospitali ya mabati mekundu, zamu yangu mwenyewe nikiwa kazini. Neno lake la kwanza lilikuwa 'maji.' Alilisema hivyohivyo unavyolisema wewe. Sasa nieleze, ulitaka aongee vipi ili uamini ni mtoto wangu?"

Bwana yule akasema hakuwa na maana hiyo. Mama akasema anajua, akakaa.

Nje kwenye ngazi, mwongozaji alimkaribia, shingo upande, akamuuliza kama amemsamehe kwa ule mwisho. Mama alikuwa akitafuta kitambaa mkobani.

"Hukumwonyesha akianguka," alisema. "Ulinionyesha kiti. Kiti nakijua. Kwenye mimba zilizoharibika nilizozihudumia mimi, mama hutazama kitanda kitupu cha mtoto, hatazami kingine. Ulifanya sawa. Lakini usirudie."

Sheria ya kunyonga haijafutwa, nisikudanganye. Mbunge mmoja aliitaja filamu bungeni, mwingine akasema hajaiona ila haipendi, wakaenda kula. Baba mkwe aliitazama kimya, na wiki ile akaja kutembea, akakarabati uzio wa nyuma ambao hakuna aliyemwomba aukarabati. Sajenti alimpigia honi barabarani akampungia mkono. Mwalimu mkuu ana leseni sasa, na mzunguko anaupita kwa mwendo wa maandamano ya mazishi, madereva wote nyuma yake wakilaani.

Kwa Marehemu simu ziliendelea kuja, nyingi za kitanzi. Zote alizikataa kwa adabu, akisema ameumia mgongo. Halafu akawaita waigizaji wenzake Wavukaji, wale wote ambao kazi yao ni kuiba na kufa, wakaanza kukutana Jumamosi kwenye uwanja wa kufundishia udereva, wanafunzi wakishaondoka. Wanakaa kwenye matairi yaliyopakwa rangi nyeupe, wanasomeana kazi ambazo hawajawahi kupewa. Kuna anayefanya mazoezi ya kuwa daktari. Kuna dada mmoja anataka kuwa mke mwenye wivu, wa kawaida tu, asiye na kisu. Mwuza miwani, yule mnyongaji, huja pia ingawa si wa ng'ambo, na humpa kila mtu miwani ya kujaribia uso mpya. Jumamosi iliyopita nilipita pale nikamkuta mzee mmoja, mpigwa risasi maarufu, amelala chali kwenye benchi, kofia usoni. Nikauliza kama anaumwa.

"Hapana," Marehemu akaninong'oneza. "Anataka kuigiza waziri. Yuko kikaoni, usimwamshe."

Nikaondoka kwa ncha za vidole.